Ncha ya Kalamu na Umbo la Mwandiko: Mwanzi wa Pwani, Chuma cha Ihangiro na Usomaji wa Hati za Kale

Ikisiri

Historia ya maandishi ya Kiswahili imezoea kuuliza lugha hii iliandikwa kwa herufi zipi. Ni mara chache imeuliza iliandikwa kwa kalamu gani. Makala hii inachunguza namna ncha ya kalamu ilivyoathiri umbo la mwandiko katika mapokeo mawili: yale ya mwanzi katika pwani ya Afrika Mashariki, na yale ya ncha ya chuma katika eneo la Bukoba na Ihangiro, ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Muleba mkoani Kagera. Dai la msingi ni kwamba mwandiko ni ushahidi wa kalamu kabla haujawa ushahidi wa mtu. Dai hili lina uzito wa kitaaluma kwa msomaji wa miswada. Lina uzito wa kijamii pia kwa familia ambazo haki zao hutegemea karatasi iliyoandikwa kwa mkono, hususan wosia.

1. Utangulizi

Utafiti kuhusu historia ya maandishi ya Kiswahili umezunguka mhimili mmoja kwa muda mrefu: hati ya Kiarabu kwa upande mmoja na hati ya Kilatini kwa upande wa pili. Hatua za historia hiyo zinafahamika. Lugha iliandikwa kwa herufi za Kiarabu katika miji ya pwani kwa karne kadhaa. Johann Ludwig Krapf na Edward Steere waliiandika kwa herufi za Kilatini katika karne ya 19. Utawala wa Wajerumani ukazieneza herufi hizo katika shule na ofisi zake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Katika masimulizi haya yote herufi zinatajwa kana kwamba zilijiandika zenyewe. Chombo kilichozichora hakionekani.

Hata hivyo, msamiati wa Kiswahili haukukisahau chombo hicho. Neno *kalamu* limetoka katika Kiarabu, nacho kililipata kutoka Kigiriki, ambamo lilikuwa na maana ya tete au mwanzi. *Hati* inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mstari. *Dawati*, ambalo leo humaanisha meza ya mwanafunzi, katika asili yake ya Kiarabu lilikuwa ni chombo cha kutilia wino. *Irabu* zilikuwa alama zilizowekwa juu na chini ya herufi. Kitenzi *kuandika* chenyewe, kabla ya kuhusishwa na maandishi, kilimaanisha kupanga vitu kwa utaratibu, maana ambayo bado imo katika usemi *kuandika meza*. Kwa hiyo lugha yenyewe inaeleza uandishi kuwa ni kazi ya mkono, chombo na mpangilio.

Makala hii inafuata dokezo hilo la msamiati. Sehemu ya pili inaeleza aina za ncha na mantiki ya kila moja. Sehemu ya tatu na ya nne zinalinganisha pwani na Ihangiro. Sehemu ya tano inachunguza namna muundo wa maneno ya Kiswahili unavyokutana na ncha kali. Sehemu ya sita inaeleza kilichoiondoa ncha hiyo katika matumizi, na ya saba inaonyesha kwa nini jambo hili si la wapenzi wa kalamu peke yao.

2. Aina tatu za ncha

Ncha za kalamu zaweza kugawanywa kwa vigezo vingi. Hapa kinatumika kimoja: ni nini kinachoamua unene wa mstari.

Katika ncha bapa kinachoamua ni mwelekeo. Ncha hii imekatwa mfano wa patasi. Ikivutwa kwa upana wake huacha mstari mnene. Ikivutwa kwa kufuata ukingo wake huacha mstari mwembamba. Mwandishi hahitaji kukandamiza. Anachopaswa kufanya ni kuishika kalamu katika pembe ileile tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Kalamu ya mwanzi ni ya aina hii.

Katika ncha kali inayonepa kinachoamua ni mkandamizo. Ncha imechongoka na ina mpasuo katikati unaoigawa kuwa meno mawili. Mkono ukikandamiza, meno hufunguka na mstari hunenepa. Mkono ukilegea, meno hufunga na mstari huwa kama unywele. Lakini mkandamizo huo unawezekana katika mstari ushukao tu. Anayekandamiza huku akipandisha kalamu huyachoma meno katika nyuzi za karatasi, na wino huruka matone. Kutokana na jambo hilo moja hupatikana karibu sura yote ya mwandiko uliohesabiwa kuwa mzuri katika shule za Ulaya za karne ya 19: mistari minene ishukayo, nywele nyembamba zipandazo, herufi zilizolala kuelekea kulia, na maneno yaliyoungwa bila kuinua mkono. Uzuri huo ulikuwa utii kwa tabia ya chuma kabla ya kuwa chaguo la ladha. Mwenye kutumia mkono wa kushoto aliumia zaidi, kwa sababu mkono wake husukuma ncha pale mkono wa kulia unapoivuta.

Katika ncha ngumu ya mviringo hakuna kinachoamua: mstari ni uleule popote uendako. Ludwig Sütterlin alipobuni mwandiko wa shule nchini Ujerumani mwaka 1911, aliuwekea ncha ya namna hii kwa makusudi, ili mtoto asihangaike na kukandamiza na kulegeza. Mwandiko huo uliingia katika shule za Prussia kuanzia mwaka 1915. Ni mfano wa wazi wa mfumo wa herufi kubadilishwa pamoja na ncha yake, kwa kutambua kwamba viwili hivyo havitengani.

Kalamu ya wino yenye hazina yake ndani, ambayo Lewis Waterman alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1884, haikuleta aina ya nne. Ilihamisha kidau kutoka mezani hadi ndani ya mpini. Ncha zake, mara nyingi za dhahabu zilizotiwa tone la madini magumu mwishoni, ziliuzwa kwa vipimo: nyembamba, ya wastani na nene. Uchaguzi wa kipimo ulibadilisha mwandiko kwa njia rahisi kueleza. Herufi kama *a* na *e* zina uwazi ndani yake. Mstari ukinenepa bila herufi kukua, uwazi huo huzibwa. Kwa hiyo mtu yuleyule akishika ncha nene huongeza kimo cha herufi na nafasi kati yake, na akishika ncha nyembamba huandika kwa kubana. Tofauti ambayo msomaji angeihesabu kuwa ya tabia ya mwandishi, mmoja mkarimu wa nafasi na mwingine bahili, yaweza kuwa tofauti ya sehemu ndogo ya milimita katika ncha.

3. Mwanzi wa pwani

Katika pwani ya Afrika Mashariki uandishi wa herufi za Kiarabu ulikuwa na vituo vyake vya ustadi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa misahafu iliyonakiliwa na kupambwa huko. Lamu ilimtoa Muhamadi Kijumwa, mshairi na mnakili aliyeishi hadi katikati ya karne ya 20 na aliyewanakilia tendi wataalamu kadhaa wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner. Kijumwa alikuwa pia mchongaji wa mbao. Jambo hilo halipaswi kupitwa haraka: aliyezoea patasi anaielewa ncha bapa, kwani vyote viwili vinatawaliwa na ukingo na pembe yake.

Katika mapokeo ya hati ya Kiarabu ncha ndiyo kipimo cha herufi. Kanuni inayohusishwa na Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, hupima kimo cha *alifu* kwa idadi ya nukta, na nukta ni alama inayoachwa na ncha yenyewe ikigusishwa karatasi mara moja. Maana yake ni kwamba ukubwa wa herufi hauamuliwi na mistari iliyochapwa kwenye daftari. Unaamuliwa na upana wa mwanzi aliouchonga mwandishi. Anayetaka herufi ndogo huchonga ncha nyembamba. Kalamu ikichakaa, huchongwa upya, na mwandiko hubadilika kidogo pamoja nayo. Mnakili wa utendi mrefu aliweza kuchonga mara nyingi kabla ya kumaliza kazi. Tofauti ya unene kati ya kurasa za mwanzo na za mwisho za muswada, kwa hiyo, haitoshi kuthibitisha kwamba wanakili walikuwa wawili.

Ncha hiyo inahusiana na othografia pia. Kiswahili ni lugha ambayo silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na irabu za hati ya Kiarabu huwekwa juu na chini ya mwili wa neno baada ya konsonanti kuandikwa. Ncha inayofaa kwa konsonanti ni nene mno kwa alama hizo. Mwandishi hulazimika kuisimamisha kwenye pembe yake au kushika kalamu nyembamba zaidi. Kila neno hupitiwa mara mbili. Katika mapokeo ya zamani alama moja ilibeba *i* na *e*, na nyingine *u* na *o*. Maelezo ya kawaida ya hali hiyo ni ya kifonolojia, nayo ni sahihi: Kiarabu kina irabu fupi tatu, Kiswahili kina irabu tano. Lakini kwa mnakili kila alama iliyoongezwa ilikuwa safari nyingine ya mkono, jambo linalosaidia kueleza kwa nini mfumo wa alama chache ulidumu kwa watu walioijua lugha vizuri na ambao hawakuhitaji kuelezwa kila kitu.

4. Chuma chafika Ihangiro

Magharibi ya Ziwa Viktoria hati ya Kiarabu ilifika mapema, lakini haikuota mizizi. Speke na Grant walipofika Karagwe mwaka 1861 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wenye kituo Kafuro, na biashara ya aina hiyo haikwenda bila barua na hesabu. Hata hivyo, kusoma na kuandika kulikoenea kwa Wahaya kulitoka kwingine. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mwaka 1892 Jean-Joseph Hirth, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliondoka Buganda baada ya mapigano ya Mengo na kuanzisha misheni Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, pamoja na Wakristo Waganda. Mwaka 1904 ilianzishwa Seminari ya Rubya katika Ihangiro.

Tofauti na pwani, basi, eneo hili halikuhama kutoka mwanzi hadi chuma. Uandishi ulifika pamoja na herufi za Kilatini, na herufi hizo zilikuwa na sura ya ncha kali. Wakati huo Birmingham nchini Uingereza na Boulogne-sur-Mer nchini Ufaransa zilikuwa vituo vikubwa vya kutengeneza ncha za chuma, na wamisionari waliofika Kashozi na Rubya walikuwa wamejifunza kuandika katika shule zilizotumia ncha hizo. Mwandiko waliouleta ulikuwa na mlazo, unene na wembamba wake. Kwa mwanafunzi wa Ihangiro hayo hayakuwa matokeo ya aina moja ya kalamu miongoni mwa nyingine. Yalikuwa ndiyo maana ya kuandika vizuri.

Rubya ilizaa watu wa maandishi. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 na kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alipita hapo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisoma hapo kuanzia mwaka 1909 hadi 1919. Kitereza alikamilisha riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mwandishi akikaribia kufa. Kazi kubwa kiasi hicho iliishi kama muswada kwa takriban miaka 35. Kisa chake kinakumbusha kwamba kwa vizazi vilivyotoka katika shule hizo, kilichoandikwa kwa mkono hakikuwa hatua fupi ya kuelekea kitabu. Mara nyingi kilikuwa ndicho kitabu chenyewe.

Nyaraka za utawala wa Wajerumani zinatoa funzo jingine. Kwa desturi ya wakati huo, Mjerumani aliandika lugha yake kwa hati ya Kurrent, yenye pembe kali, na maneno ya kigeni kwa herufi za Kilatini. Neno la Kiswahili au jina la mahali laweza kuonekana katikati ya sentensi ya Kijerumani kwa sura tofauti kabisa, ingawa mkono ni mmoja na ncha ni moja. Msomaji asiyeijua desturi hiyo angedhani watu wawili walishirikiana katika ukurasa mmoja. Funzo ni kwamba baina ya mtu na mwandiko wake kuna mambo mawili yanayosimama katikati: kielelezo cha herufi alichofunzwa, na ncha aliyoishika.

5. Maneno ya Kiswahili chini ya ncha kali

Mwandiko wa ncha kali ulikua katika kuandika Kilatini, Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine za Ulaya. Ulipotumika kuandika Kiswahili ulikutana na maneno ya umbo jingine, na mambo matatu yanastahili kutajwa.

La kwanza ni vijiti. Katika mwandiko wa kuunga, herufi *i*, *u*, *n* na *m* zote hujengwa kwa mistari mifupi ishukayo iliyo sawasawa. Kiswahili kina wingi wa herufi hizo, kwa kuwa zimo katika viambishi vyake vya mara kwa mara: *ni-*, *u-*, *m-*, *mi-*, *-ni*. Neno *muumini* au *nimuinue* huwa safu ndefu ya vijiti. Kinachotofautisha *n* na *u* katika safu hiyo ni unywele upandao: katika *n* huungana na kijiti kinachofuata kwa juu, katika *u* kwa chini. Ncha kali iliyo katika hali nzuri huonyesha tofauti hiyo wazi. Ncha iliyochakaa, au ncha nene inayotoa wino mwingi, huifuta. Hapo msomaji hukisia, na anayenakili huandika alichokisia. Baadhi ya majina ya watu na mahali yenye sura mbili katika orodha za zamani yanapaswa kuchunguzwa kwa mwanga huu kabla hayajapewa maelezo ya kilahaja.

La pili ni urefu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima, njeo, yambwa na minyambuliko katika neno moja: *hawatakununulia*, *walipomwandikisha*. Kalamu ya kuchovya hubeba wino wa maneno machache tu. Wino huanza mzito, hufifia, kisha hurudi mzito baada ya kuchovya. Mwandishi mzuri hujitahidi kuchovya baina ya maneno, lakini maneno yakiwa marefu wino huweza kuisha katikati. Akikandamiza wakati wino umekwisha, meno ya ncha huacha mistari miwili sambamba yenye uwazi katikati, mfano wa reli. Mpando na mshuko huo wa wino ni alama ya kuaminika kwamba hati iliandikwa kwa kalamu ya kuchovya. Huonyesha pia mahali mwandishi aliposimama, jambo lenye faida kwa anayetaka kujua kama sentensi fulani iliongezwa baadaye.

La tatu ni alama ya *ng'*. Kanuni ya mwandiko wa kuunga ni kutoinua mkono hadi neno liishe. Nukta za *i* na mikingamo ya *t* huwekwa mwishoni. Kitone cha *ng'* nacho husubiri. Katika neno kama *ng'ombe* kinasubiri herufi nne zaidi, na kwa wino mbichi kila mguso wa ziada ni hatari ya doa. Kudondoshwa kwake katika hati za mkono si lazima kuwe dalili kwamba mwandishi hakutofautisha sauti hiyo na *ng* ya *ngoma*. Yaweza kuwa mkono uliotangulia mbele. Mwanaisimu anayetumia barua za zamani kama ushahidi wa matamshi anahitaji kutenganisha mambo haya mawili, na njia moja ya kufanya hivyo ni kuangalia kama mwandishi huyohuyo husahau pia nukta za *i*.

6. Stakabadhi, kaboni na peni

Kilichoiondoa ncha inayonepa hakikuwa mabadiliko ya ladha. Ofisi zilikuwa na sehemu kubwa. Mashamba ya kahawa ya Bukoba na Ihangiro yalihitaji mizani, na mizani ilihitaji stakabadhi. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba, kilichojulikana kwa ufupisho BNCU, kilianza mwaka 1950. Popote stakabadhi inapotolewa kwa nakala, karatasi ya kaboni inahitaji mkandamizo thabiti katika kila mstari, ushukao na upandao. Ncha inayonepa haiwezi kufanya kazi hiyo: ikikandamizwa hufunguka, na ikiendelea kukandamizwa huharibika. Kalamu ya risasi isiyofutika ilifaa kwa kaboni, na baadaye peni ikafaa zaidi.

Peni inayotumia kitufe kidogo kinachozunguka ilipewa hataza ya László Bíró mwaka 1938, na peni ya bei nafuu ya kampuni ya Bic ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950. Jina la kampuni hiyo limegeuka kuwa nomino ya kawaida vinywani mwa wengi, *biki*. Kwa kigezo cha sehemu ya pili, peni ni ncha ngumu ya mviringo: mstari haubadiliki. Lakini inahitaji kusimamishwa wima zaidi kuliko kalamu ya wino, na inahitaji kukandamizwa wakati wote. Vidole hushika kwa nguvu, mkono huchoka mapema, na mlazo hupungua kwa kuwa hauna kazi tena.

Mabadiliko hayo yalikutana na upanuzi mkubwa wa kusoma na kuandika. Mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima ulioungwa mkono na UNESCO, uliofanyika kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 katika mikoa ya kanda ya ziwa, ulihusisha pia Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Watu wengi wa kizazi hicho waliokuja kuandika kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima hawakupitia kidau na kalamu ya kuchovya. Hata hivyo kipimo cha mwandiko mzuri kilibaki kile cha zamani: ulazwe, uungwe, uwe na mistari minene na myembamba. Walimu waliendelea kudai sura iliyozaliwa na chombo ambacho mwanafunzi hakuwa nacho. Kwa peni, unene na wembamba hauwezekani, na kuunga neno zima ni mzigo kuliko ilivyokuwa kwa wino. Mtoto au mtu mzima aliyeambiwa kwamba mwandiko wake ni mbaya alihukumiwa mara nyingi kwa sheria za ncha asiyopata kuishika.

7. Wosia na hukumu ya macho

Uzito wa mambo haya huonekana pale karatasi inapokuwa haki. Katika Kagera shamba la migomba na kahawa, *kibanja*, ni makao, chakula na makaburi ya wazazi kwa pamoja. Kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinatambua wosia wa mdomo na wosia wa maandishi. Rufaa namba 70 ya mwaka 1989 katika Mahakama Kuu, Mwanza, ilitokana na shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha wilayani Muleba. Mwanamke aliyerithishwa ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake aliiuza, na mauzo yakapingwa kwa hoja kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya namna hiyo. Mahakama Kuu ilitegemea Katiba na kumpa haki sawa na mwanamume. Mgogoro huo ulihusu mila na Katiba, wala haukuhusu mwandiko. Unatajwa hapa kwa sababu unaonyesha karatasi moja ya baba inavyoweza kubeba: haki ya binti kuwa mmiliki kamili.

Karatasi ya namna hiyo ikitiliwa shaka, kinachofanyika kwanza nyumbani na barazani ni kulinganisha kwa macho. Wosia huwekwa kando ya barua ya zamani, na mtu husema: huu si mwandiko wake. Makala hii imeonyesha kwa nini kauli hiyo haitoshi. Mzee aliyejifunza kwa kalamu ya kuchovya, akaandika barua za ujanani kwa kalamu ya wino na wosia wa uzeeni kwa peni, ataacha miandiko mitatu. Unene utabadilika, mlazo utapungua, herufi zitakua au zitabana, na mstari utatetemeka zaidi. Yote hayo ni mambo ya ncha, karatasi na umri.

Yapo mambo ambayo ncha huyagusa kwa kiasi kidogo, na ndiyo yanayostahili kulinganishwa kwanza: mfuatano wa mistari ndani ya herufi moja, yaani mkono ulianzia wapi na kuishia wapi, uwiano wa kimo kati ya herufi ndefu na fupi, mahali mkono unapoinuliwa ndani ya neno, namna ya kuandika tarakimu, na tahajia ya maneno yaleyale. Mazoea haya huundwa mapema, nayo hufuatana na mtu kutoka kalamu moja hadi nyingine.

Ncha yaweza pia kuthibitisha udanganyifu. Peni huacha alama zake: mfereji unaopapaswa nyuma ya karatasi, uvimbe wa wino baada ya kona, na mwanzo wa mstari uliokosa wino. Hati yenye tarehe ya mwaka 1930 ikiwa na alama hizo haiwezi kuwa ya mwaka huo. Inaweza kuwa nakala ya baadaye iliyofanywa kwa nia njema, lakini si ya asili. Kinyume chake hakishiki: kalamu ya wino haithibitishi ukongwe, kwa kuwa inauzwa hadi leo. Uchunguzi wa kitaalamu bado ni wa lazima pale haki inapobishaniwa. Lakini anayeujua mpaka huu hatamwita marehemu mgeni katika karatasi yake mwenyewe, wala hatakubali kirahisi karatasi ambayo marehemu hakuigusa.

8. Hitimisho

Pwani, ncha ilikuwa kipimo cha herufi, na mwandishi aliichonga mwenyewe. Ihangiro, ncha ilifika imetengenezwa kiwandani, na herufi zilifika pamoja nayo zikiwa na umbo lake. Mapokeo hayo mawili yanakutana katika jambo moja: hakuna mwandiko usio na kalamu ndani yake. Wanaoorodhesha miswada, wawe katika maktaba za vyuo vikuu au katika ofisi za parokia, wataongeza thamani ya kazi yao kwa kuandika jambo moja zaidi kando ya lugha, hati, tarehe na idadi ya kurasa: aina ya ncha. Ni safu moja tu katika jedwali, na kuijaza hakuhitaji zaidi ya jicho na lenzi ya mkono. Bila safu hiyo, tofauti za kalamu zitaendelea kusomwa kama tofauti za watu, na watu wataendelea kupewa au kunyimwa maneno yao kwa sababu ya kipande cha chuma kilichokwisha kutupwa.